Ukurasa wa Arobaini na Sita

Daktari Hedvig Pihlak, Chuo Kikuu, Tartu:
ripoti yako ilifika Novemba,
kurasa themanini na nne, jalada la kijani,
na ukweli hujaniomba, ila nakupa bure:
niliitandika chini ya bomba la joto linalovuja darasani,
ikanywa maji wiki tatu bila kulalamika.

Usinune. Nilijaribu kusoma.
Sentensi ya kwanza ilikuwa ndefu
kama foleni ya mkate enzi za Wasovieti;
nikasimama mkiani na mfuko wangu,
nilipofika dirishani, hakuna kilichobaki.
"Uhamishaji potofu wa dhana ya namba kamili."
Mimi nina watoto kumi na tisa, madarasa matatu, chumba kimoja,
soksi zao zimeanikwa kwenye kamba juu ya vichwa vyetu,
mmoja ana homa, mmoja ana hasira, mmoja hana kalamu.
Nani wa kumhamisha nani?

Nawe ulikuwa na lako la kuninung'unikia.
Ulituma dodoso mara tatu.
Nilijibu "ndiyo" kila mahali,
mstari mmoja wa wino toka juu hadi chini,
kama mtu anayefunga mlango kwa upole.

Kisha Februari ukaja mwenyewe hapa Kuuseveski.
Basi lilikuacha njia panda, kilomita nne za theluji,
buti zako za mjini zikaingia maji.
Tukakuvalisha viatu vya sufu vya Vaike, mpishi wetu,
vikubwa mno; ukaingia darasani ukitembea kama bata,
watoto wakacheka, nawe ukacheka,
na hapo ndipo utafiti ulipoanza, ukiniuliza mimi.

Ulikaa kwenye kiti cha mtoto, magoti karibu na kidevu.
Ukamwonyesha Uku: nusu, na robo.
Ipi kubwa?
Robo, akasema. Hakusita.
Nikaona mkono wako ukienda kwenye jedwali,
kwenye kile kisanduku cha makosa,
kisha kalamu ikagoma hewani.
"Kwa nini?" ukamuuliza.
Katika dodoso zako tatu neno hilo halikuwemo.

"Tukiwa wawili," akasema, "mama huoka mkate mmoja.
Baba na Kaur wakirudi kutoka Ufini tunakuwa wanne,
anaoka mitatu, na samaki juu yake.
Tukiwa wanne kila mtu anashiba."

Ukafuta. Nilikuona.
Ukaandika pembeni, nje ya mistari.

Hilo nilikuwa nalijua, Daktari.
Lipo kwenye daftari langu,
kati ya hesabu ya maziwa na namba ya fundi wa bomba;
nilimsikia akilisema mezani, mdomo umejaa viazi.
Nina madaftari ishirini na mawili ya namna hiyo.
Hakuna aliyewahi kuyaomba.

Lakini usidhani nimeshinda.
Ulipoondoka niliianika ripoti yako kwenye kamba ya soksi,
nikasoma kilichosalia, na ukurasa wa arobaini na sita
ukanena kwa lugha ya binadamu, sijui ulipitiwa vipi:
mwalimu akishauliza, husubiri sekunde moja,
kisha hujijibu mwenyewe.
Nikacheka. Nikajipima kwa saa ya jikoni.
Sekunde moja. Mara nyingine haikutimia.
Uku alilisema mezani, si darasani;
sasa najua kwa nini.

Basi madaftari matatu ya kwanza yamo kifurushini.
Mwandiko ni mbaya. Penye doa, ni supu.
Usipoelewa usiandike "haieleweki". Piga simu,
baada ya saa nane, si kabla.
Na ukija tena, vile viatu viko kando ya mlango;
Vaike hataki mtu mwingine avivae.

Leo nilimuuliza Uku kitu, nikanyamaza.
Moja. Mbili.
Tatu. Theluji ikaporomoka kutoka paani.
Nne. Ananitazama kana kwamba naumwa.
Tano.